Filamu Iliyoshushwa Ngazi

Mwanaidi alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa kitandani nakaza mikanda ya chuma changu cha mguu, akaniambia kwa sauti iliyotulia kuliko yangu, "Zuhura, Bwana Shee ametutoka." Nilimpa pole, naye akanipa mimi pole, maana alijua mumewe alikuwa nani kwangu. Siku ya hitma nilikwenda kwao Magogoni, walikohamia baada ya mumewe kustaafu. Wanawake tulikaa ndani. Tukaitikia dua, pilau ikaletwa kwenye sinia, na kila aliyenyoosha mkono kula alikuwa na kisa chake cha marehemu. Huyu alisifu kanzu zake, yule manukato yake, mwingine jinsi alivyokuwa akimjua mtu kwa kikohozi kabla hajatoa salamu. Nilikula nikisikiliza, na lililonifurahisha ni kwamba katika mazungumzo yote yale hakuna hata mmoja aliyesema "maskini, na vile alivyokuwa haoni." Walimlilia kama anavyoliliwa mtu yeyote mwenye watu.

Nilipotoka nilimkuta langoni mwanamume mwenye mvi na kitambi, ameshika kofia ya kuazima asijue aivae au aibebe. Ilinichukua muda kumtambua Odhiambo, mpiga kamera wetu wa zamani. "Zuhura wa Magongo!" akaita. "Na magongo yake," nikajibu, kama tulivyokuwa tukijibizana miaka ile, kwa kuwa kazi yetu ilikuwa mtaa wa Magongo, Changamwe, na mimi natembelea magongo tangu utotoni. Wageni wengine wakageuka kututazama, kwa jinsi tulivyocheka kwenye nyumba ya msiba. Tukakaa kwenye benchi la duka la jirani, akanunua soda, na kabla hajafungua ya kwake akaniuliza, "Unakumbuka vile wageni wa heshima walishuka zile ngazi, mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake kichwani?" Nakumbuka. Habari za wazazi wangu na za homa iliyonilemaza mguu sitazieleza hapa, si za mwaka huo. Mwaka ninaousema mimi ulianzia kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa.

Chumba kilikuwa cha Bi Nuru, mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa Mombasa, aliyewashangaza ndugu zake kwa kuacha kuuza vitambaa na kununua kamera. Alikuwa ameona jambo lililo wazi ambalo wanaume hawakuliona: harusi za Kiislamu zina upande wa wanawake, upande huo hauingii mpiga picha mwanamume, na wanawake ndio wenye kutaka kujiona. Basi yeye alipiga sherehe za akina mama, Odhiambo akapiga nikahi na harusi za kanisani za watu wa bara waliokuwa wakifanya kazi bandarini na viwandani, na mimi nikazikata na kuziunga kwenye kompyuta moja yenye mgongo mkubwa kama mtungi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, sijawahi kufanya kazi nyingine, na nilikuwa fundi. Sioni haya kusema hivyo. Nilijua kukata pale bibi harusi anapopumua, si pale anapotabasamu. Nilipokuwa na kanda za wanawake mlango ulifungwa kwa komeo, na Odhiambo akabisha akasimama nje na chai yangu hadi nizime kioo. Ukuta wa kututenga na ofisi ya Bi Nuru ulikuwa wa mbao nyembamba, hata mtu akikoroga sukari upande wa pili nilijua kama amemaliza. Saa nne tulikula mahamri na mbaazi zilizobaki za asubuhi, adhuhuri viazi karai kutoka kwa mama wa barazani, na harufu ya nazi, ukwaju na vumbi la kompyuta mpaka leo kwangu ni harufu moja.

Mwaka huo harusi zilikuwa zimepungua. Kompyuta ilikuwa imechoka, na nilikuwa nimeshamsikia Bi Nuru, kupitia ukuta uleule, akizungumza na mtu aliyetaka kuinunua kamera. Ndipo akaja Bi Salome. Alitoka ofisi moja ya mjini iliyokuwa ikishughulikia mambo ya watu wenye ulemavu, mama mpole, mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa kanisa, na alitaka tumpigie filamu ya kuonyeshwa mitaani, Likoni, Kisauni na Changamwe, ili watu waelewe. Nilivua hedifoni. Nikamsikia akisoma andiko alilokuja nalo. Msichana amekaa kando ya njia ya kuteremkia feri ya Likoni. Watu wanampita. Analia. Kinanda kinapigwa taratibu, halafu sauti nzito ya mwanamume inasema tusiwasahau.

"Ni zuri," Bi Nuru akasema, kwa sauti anayoitumia kwa bibi harusi aliyevaa vibaya. "Msichana mtamtoa wapi?"

"Nilidhani yule wenu wa magongo. Ana uso wa huruma."

"Huyo ndiye atakayeikata filamu yenu," Bi Nuru akasema. "Akikaa feri analia, nani atakaa hapa akate?"

Nilishika magongo yangu nikazunguka mlangoni. Sikuwa na hasira, na hilo watu hawaniamini nikilisimulia. Nilikuwa na jambo la kusema na nilijua ni la haki. "Shikamoo, Bi Salome. Nimesikia, kuta zetu hizi hazifichi kitu. Kulia nitalia, muulize Bi Nuru siku kompyuta ilipozimika na harusi nzima ya watu ndani yake. Lakini watu wakishaniona nalia watajua nini ambacho leo hawakijui? Waliokaa chini pale feri wanawapita kila siku. Huruma wanayo tele, mama. Mimi juzi benki nimehurumiwa na watu watano, na hakuna aliyenifungulia ule mlango mwembamba wa pembeni."

Bi Salome alivua miwani akaifuta. "Sasa wewe ungeonyesha nini?"

"Mtu anayefanya kazi yake."

Walitazamana yeye na Bi Nuru. Mwishowe akasema tumletee mfano. Ukimpendeza, utakuwa huo. Usipompendeza, tunarudi kwenye andiko lake na kwenye njia ya feri, na mimi nikalie. Alipoondoka, Bi Nuru alinitazama kwa muda akasema, "Mwanangu, umenitia kwenye maji marefu. Haya, tuogelee." Hakunikaripia. Alijua kama nilivyojua kwamba kazi hii ikitupita, kamera inauzwa, na chumba kinarudi kuwa ghala la vitambaa.

Odhiambo ndiye aliyempata mtu wetu. Kaka yake alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia, na kila alipompigia simu, ilipokelewa na opereta mmoja tu. "Huyo jamaa ni noma," Odhiambo akasema. "Nilipiga mara moja, mara ya pili nikisema tu 'hello' ananiambia, 'Ndugu yake Otieno, mafua yamepona?' Na bro ananiambia haoni kabisa, tangu azaliwe." Tulikwenda kwake Jumapili. Nilitarajia, nami ni mlemavu, sijui nilitarajia nini. Labda chumba cha giza. Tulimkuta Bwana Shee, mwanamume wa makamo, barazani, shati limepigwa pasi mistari ikasimama, anamkosoa mkewe Mwanaidi kwa kutia iliki nyingi kwenye chai. Tukapewa chai hiyohiyo na mkate wa sinia. Alinionyesha shati zake: ndani ya kola ya kila moja Mwanaidi alishona fundo la uzi, moja kwa nyeupe, mawili kwa buluu, na ya kijani haikuwa na fundo kwa sababu, alisema, "Hiyo mtu akiigusa tu anajua ni ya kijani, ina joto la kijani." Alitudanganya, na akafurahi tulipomwamini.

Nilipomweleza tulichotaka, akasikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. "Sikiza, binti," akasema. "Nitakubali kwa masharti. La kwanza, msinipige nikila. Kila anayekuja na kamera kwa vipofu anataka kutupiga tukila, sijui kwa nini, kana kwamba nyinyi wengine mnakitafuta kinywa kwa macho. La pili, musinitilie kile kinanda cha msiba. Mimi sijafa, yakhe."

"Na la tatu?" nikauliza.

"La tatu nitalijua likifika."

Tulimpiga siku ya kazi, tangu anapofunga mlango wake hadi anapoketi kwenye mtambo wa simu. Odhiambo alimtangulia kinyumenyume hadi kona, kisha akatembea nyuma yake, mimi nikafuata kwa mwendo wangu. Njia ile nilikuwa nikiipita kila siku na kulaani mashimo, lakini siku hiyo niliiona kwa fimbo yake nyeupe. Fimbo ilipiga ukingo wa mtaro usio na kifuniko, ikapiga mkokoteni ulioegeshwa pale pale wapitapo watu, ikapiga rundo la matofali ambayo jana hayakuwapo. Kila mara alisimama, akapima, akapita, kola haijapinda. Tulipofika barabara ya malori ya bandarini, alisimama ukingoni kama kawaida yake kusubiri sauti ya magari ipungue. Hapo akatokea bwana mmoja mwenye haraka na moyo mwema. Hakusalimu. Aliikamata fimbo kwa ile ncha ya chini akaanza kuivuta kuelekea ng'ambo, kama anavuta mbuzi wa Idi, huku akipaza sauti, "Njoo mzee, njoo, usiogope!" Nilifungua mdomo kupiga kelele. Bwana Shee hakupiga kelele. Aliiachia fimbo. Yule bwana akavuka barabara nzima na fimbo mkononi, akiendelea kuibembeleza, "Pole pole, hivyo hivyo, tumefika," asigeuke nyuma hata mara moja, na Bwana Shee amesimama palepale upande wetu, mikono nyuma, uso umetulia kama mtu anayesubiri chai. Yule mwenye fimbo alipogeuka kupokea shukrani, sijawahi kuona uso wa namna ile tena. Odhiambo alikuwa anatikisika kwa kicheko, na bado, Mungu ambariki, kamera haikutikisika.

Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Chumba chake kilikuwa kidogo, na ndani yake kiwanda kizima kilipita: mkurugenzi, madereva, mtu wa forodha, mke wa mlinzi anayeuliza kama mumewe ameshatoka. Vidole vilikwenda kwenye mtambo bila kusita, na alizungumza na kila mmoja kwa lugha yake, Kimvita kwa huyu, Kigiriama kidogo kwa yule, Kiingereza cha ofisini kwa mkurugenzi. Msimamizi wake alitaka kusema mbele ya kamera jinsi kampuni ilivyomsaidia. Bwana Shee akamkatiza: "Sema na siku nilipougua, simu zilikwendaje." Msimamizi akacheka akasema ukweli, kwamba zilikwenda ovyo.

Nilikata filamu hiyo mlango ukiwa wazi, jambo geni kwangu. Bi Nuru aliingia na kutoka, akanung'unika kwamba nimeacha kimya kirefu mno pale barabarani, kisha akarudi akakitazama kimya hicho tena na kusema nikiache. Siku Bi Salome alipokuja kuutazama mfano wetu, nilikaa nyuma ya kiti chake nikitazama mabega yake, sikutazama kioo. Mabega hayakusogea. Hata fimbo ilipovuka barabara peke yake hayakusogea. Filamu ikaisha. Alivua miwani.

"Watu watacheka," akasema.

"Watacheka, mama. Lakini hawatamcheka yeye."

Kisha, taratibu, mabega yakaanza kupanda na kushuka, na yule mama mpole akacheka hadi akaomba maji. "Wallahi, mimi nimewahi kumvuta mtu hivyo," akasema alipoweza kusema. "Wallahi" si neno la kanisani kwao, lakini siku hiyo alilitumia. Andiko la feri alilirudisha mkobani, na sikuliona tena.

Ofisi yake ndiyo iliyopanga mahali pa kuonyeshea mara ya kwanza: ukumbi mzuri hapo hapo Changamwe, wenye viti vya mito na feni, na uko ghorofani. Hata mimi sikuliona hilo hadi siku yenyewe, mchana wa jua kali, nilipofika chini ya ngazi na kukuta watu wetu wote wamekusanyika pale. Walikuwepo wa magongo, wa viti vya magurudumu, mama mmoja anayetembea kwa mikono, na juu yao, dirishani, wageni wa heshima wameshaketi wanajipepea. Vijana wa ukumbi wakaanza kukunja mikono ya mashati. "Tutawabeba," wakasema, kwa moyo safi kama wa yule bwana wa fimbo. Mama Karembo, muuza ushanga kutoka Mtopanga, alishika magurudumu ya kiti chake kwa mikono miwili. "Nibebwe kama gunia la simiti, gauni linipande mapajani mbele ya chifu, ndipo nikatazame filamu ya heshima yangu? Nirudisheni kwangu." Na wengine wakaitikia.

Mimi ningeweza kupanda. Nilikwisha panda ngazi mbaya zaidi, kwa makalio ikibidi, na msichana wa mwaka uliotangulia angepanda akanyamaza na kujiona hodari. Nilimgeukia Bi Nuru. "Hawa hawapandi," nikasema, "nami sipandi. Tuishushe."

"Tushushe nini?"

"Filamu. Televisheni, mashine, spika, kila kitu. Pale chini kuna banda la baiskeli."

Bi Nuru alitazama juu, akatazama watu, akajifunga buibui lake kiunoni. Yeye na Odhiambo waliishusha televisheni ile nzito ngazi kwa ngazi, huku Bi Salome, uso umemwiva kwa haya, akitangulia kuwaondoa watu njiani. Kisha akapanda tena mwenyewe kuwaambia wageni wa heshima. Sijui aliwaambia nini. Wakashuka, chifu mbele, kila mtu na kiti chake. Akina mama wakavua leso zao tukazitundika pande zote za banda kuzuia jua, na kwenye kivuli kile cha rangi mia, watu wamebanana magurudumu kwa magoti, nikawasha mashine.

Walicheka pale nilipojua watacheka, na zaidi. Chifu alijipiga paja. Mama Karembo alipiga kigelegele fimbo ilipovuka. Ilipokwisha wakapiga makofi, nami nikasimama karibu na televisheni nikiyapokea kama bibi harusi. Ndipo nikaona kwamba mtu mmoja hapigi makofi. Bwana Shee alikuwa safu ya mbele na Mwanaidi ubavuni, kanzu nyeupe kama maziwa, na kichwa chake kimeinama vile vile kama siku ile ya masharti. Alinyoosha mkono akaomba kipaza sauti.

"Nimesikia fimbo yangu," akasema. "Nimesikia malori. Halafu nimesikia nyinyi mnacheka, na nikimuuliza Mwanaidi ananiambia nyamaza, watu wanatazama. Basi mimi ndiye niliyepigwa, na mimi peke yangu humu ndiye nisiyejua mlichokiona." Hakuwa na uchungu. Alilisema kama msimamizi anayetaja simu iliyokatika. "Binti Zuhura, sharti la tatu limefika. Nisimulie."

Niliurudisha mkanda mwanzo. Hapa ndipo kazi yangu ya maisha ilipoanzia, ingawa siku hiyo sikuijua jina. Hakuna filamu iliyotoka kwa Bi Nuru baada ya hapo bila sauti ya kueleza picha, na miaka yote tangu wakati huo nimekula mkate wangu kwa kusema kinachoonekana. Nilishika kipaza sauti, na kila pale filamu iliponyamaza, nilisema. Kwanza nilisema vibaya, nikieleza kila kitu kwa pamoja. "Polepole," akasema, "mimi siendi popote." Nikapunguza. Nikamwambia mlango wake ni wa rangi gani, na jua limeangukia wapi, na kwamba anapotoka anagusa kizingiti kwa vidole viwili. "Hufanya hivyo?" akauliza. Watu wakaitikia kwa pamoja kwamba hufanya.

"Sasa unashuka barazani," nikasema. "Unapita kwa mama wa viazi. Nyuma yako Mwanaidi ametoka. Amesimama mlangoni, kashika ncha ya leso mdomoni. Anakutazama."

"Anatazama nini?"

"Wewe. Umefika kwenye matofali, naye amejinyoosha kama anataka kukimbia. Umeyapita. Bado amesimama. Unakata kona. Sasa ndiyo anaingia ndani."

Mwanaidi alijifunika uso kwa buibui. "Zuhura wee," akasema chini chini, "hilo ndilo la kumwambia?"

Bwana Shee alimgeukia. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi. "Siku hiyo tu," akamuuliza, "kwa sababu ya kamera?"

"Kila siku," Mwanaidi akasema.

Watu wote wale walimngoja, chifu na Mama Karembo na wale vijana waliotaka kutubeba. Kisha akatafuta mkono wa mkewe juu ya goti, akaupata, na kwa ile sauti yake ya mtambo wa simu akasema, "Zuhura, irudishe hapo."

Nikairudisha.